Anza na Tairi: Niliyojifunza Nilipobadili Pikapu ya Rimoti ya Mafuta Kuwa ya Umeme

Pikapu yangu ya rimoti, ya kipimo cha 1/8, yaani ndogo mara nane kuliko pikapu halisi, niliinunua ikiwa imetumika na injini yake ndogo ya naitro imekwisha kabisa: pistoni imelegea, haishiki moto hata ukiivuta kamba mpaka bega liume. Hata kama injini ingekuwa nzima nisingefika mbali, kwa sababu mafuta yake, ambayo ni mchanganyiko wa methanoli, nitromethani na oili, sikuyapata duka lolote hapa Dar es Salaam, na kuyaagiza kwa ndege ni shida kwa kuwa yanahesabiwa miongoni mwa mizigo ya hatari. Chasi, shoki, mikono na difu zote tatu, ya mbele, ya kati na ya nyuma, zilikuwa bado imara. Kwa hiyo niliamua kung'oa injini, tangi na klachi, na mahali pake kuweka mota na betri.

Kosa nililolifanya ndilo ninaloliona kwa karibu kila anayeniomba ushauri, nalo ni kuanza na mota. Nilichagua mota isiyo na brashi za kaboni, ya ukubwa wa 3660 na yenye namba ya 3,900 kV, kwa sababu moja tu, kwamba namba ilikuwa kubwa na muuzaji alikuwa ameandika kwamba inafaa magari ya 1/8. Nikaiunganisha na betri ya lipo, yaani ya litiamu-polima, ya seli 4. Kwa dakika tatu za mwanzo pikapu ilikimbia kwa namna iliyowafanya watoto wa mtaani wapige vigelegele, ya nne ikaanza kunukia kama varnishi iliyoungua, na ya tano ikasimama katikati ya uwanja. Nilipoigusa mota niliuondoa mkono kabla sijatambua kwamba nimeungua.

Jioni ile nilikaa na kalamu nikafanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya kabla ya kutoa fedha. Namba ya kV haielezi nguvu. Inaeleza mota itazunguka mara ngapi kwa dakika kwa kila volti moja ikiwa haina mzigo. Seli moja ya lipo ina wastani wa volti 3.7, hivyo seli 4 ni volti 14.8, na mota yangu ilikuwa ikitaka kuzunguka mara 57,720 kwa dakika. Gia kubwa ya kati ilikuwa na meno 46 na pinioni, ile gia ndogo inayokaa kwenye shafti ya mota, meno 14, yaani uwiano wa 3.29, ndani ya difu za mbele na nyuma kulikuwa na meno 43 kwa 13, yaani 3.31. Ukizidisha hizo mbili unapata takriban 10.9: mota ikizunguka mara 10.9, gurudumu linazunguka mara moja. Matairi yangu yalikuwa na kipenyo cha milimita 150, kwa hiyo kila mzunguko mmoja uliisogeza pikapu milimita 471. Jibu la hesabu nzima lilikuwa karibu kilomita 150 kwa saa.

Hakuna pikapu ya kilo nne na nusu, yenye matairi ya mpira laini na bodi iliyosimama kama kabati, itakayofika mwendo huo kwenye uwanja wa vumbi. Mota haikujua hilo. Iliendelea kuvuta umeme ikijaribu kuufikia, na umeme ulioshindwa kugeuka mwendo uligeuka joto. Ubaya ni kwamba joto la kwenye waya halipandi sambamba na umeme unaopita: ukiuongeza umeme mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Ndiyo maana mota iliyofungwa kwa gia ndefu kupita kiasi, yaani inayolenga mwendo mkubwa mno, haifi polepole.

Tangu siku hiyo ninapanga kinyumenyume. Kwanza najiuliza pikapu itakimbia wapi, kwa kuwa ardhi ndiyo inayochagua tairi. Kipenyo cha tairi ndicho kinachoamua gia, na gia ndiyo inayoniambia ninunue mota ya namba gani.

Tairi ni gia ya mwisho, ingawa haina meno. Ukibadili tairi la milimita 150 ukaweka la milimita 140, umepunguza mwendo kwa karibu asilimia 7, karibu sawa na kutoa pinioni ya meno 14 na kuweka ya meno 13. Wengi hununua matairi makubwa kwa ajili ya sura, kisha wanailaumu mota. Jambo jingine ambalo watu wa naitro hawalitarajii ni kwamba mota ya umeme hutoa nguvu yake yote tangu inapoanza kuzunguka, haisubiri klachi ishike. Matairi yaliyodumu miaka miwili na injini yaliniachia rimu ndani ya wiki mbili baada ya kuweka mota, kwa sababu gundi ya zamani ilikuwa imechoka. Sasa nachambua ukingo wote kwa kidole, nasafisha rimu na mdomo wa tairi kwa spiriti, kisha napaka supa gluu nyepesi kidogo kidogo kuuzunguka ukingo na kuacha ikauke usiku kucha. Ni kazi ya kuchosha, lakini nimewahi kuliona tairi likiruka peke yake hadi kwenye genge la mama muuza nyanya, na sitaki kuyarudia mazungumzo yale.

Kwa uwanja wa vumbi na changarawe natumia tairi lenye vijiti vifupi vilivyosambaa, la mpira wa kati. Mpira laini sana unashika vizuri lakini kwenye lami unakwisha kama kifutio. Mchanga wa pwani unahitaji tairi lenye makasia, na hapo mota inabeba mzigo mzito kuliko popote, hivyo nikienda ufukweni Kigamboni nashusha pinioni meno mawili kabla sijatoka nyumbani. Chunguza pia matundu ya hewa kwenye rimu: ukipita kwenye dimbwi, sponji iliyo ndani ya tairi hunyonya maji, na gurudumu lililolowa upande mmoja linatikisa gari zima mpaka beringi zinaanza kulia.

Baada ya tairi, mota inakuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Kwa pikapu ya uzito huu nataka mizunguko kati ya 30,000 na 35,000 kwa dakika bila mzigo, si zaidi. Mota ya 2,000 kV kwa seli 4 inatoa 29,600, karibu kabisa na hapo. Kwa gia zilezile na matairi yaleyale hesabu inaleta kilomita 77 kwa saa, na uhalisia unashuka chini ya hapo, jambo ambalo linanitosha kabisa. Namba muhimu zaidi ni ukubwa wa umbo. Tarakimu nne za mota kama 4074 zina maana ya milimita 40 za kipenyo na 74 za urefu, na chuma kingi kinabeba joto jingi bila kulalamika. Kati ya mota ndogo yenye kV kubwa na mota nene yenye kV ndogo, pikapu inataka ile nene.

Kama mfuko unaruhusu, fikiria seli 6 badala ya 4. Wati 1,200 kwa volti 14.8 zinahitaji ampea 81. Kwa volti 22.2 zinahitaji 54 tu. Mota ya 1,350 kV kwenye seli 6 inazunguka karibu sawa na ile ya 2,000 kV kwenye seli 4, ila waya, viunganishi na kidhibiti mwendo vinafanya kazi vikiwa vimepoa. Mimi nilibaki na seli 4 kwa sababu betri nilikuwa nazo tayari.

Pinioni iwe ya chuma kilichokomazwa, na meno yake yawe ya kipimo kimoja na gia kubwa. Magari mengi ya 1/8 hutumia meno ya kipimo kinachoitwa moduli 1. Kwa kuwa injini iliketi kwa namna yake, mota haina mahali pa kufungwa. Nilipeleka chasi eneo la Gerezani kwa mkerezaji mmoja mzee, nikamwonyesha mchoro wa bamba la alumini la milimita 6 lenye matundu mawili ya kufungia mota. Alilitazama kisha akauliza, "Mwanangu, hayo matundu yawe ya duara, au unataka mota iweze kusogea?" Sikuwa nimelifikiria hilo. Akayachonga marefu kama macho ya paka, na ndiyo sababu leo naweza kubadili pinioni bila kuchonga bamba jipya. Kupanga meno napitisha ukanda wa karatasi ya daftari kati ya gia mbili, nabana mota, kisha nazungusha karatasi itoke: ikitoka na mikunjo bila kuchanika, nafasi inatosha. Skrubu ya pinioni lazima ikae juu ya sehemu bapa ya shafti, na ipakwe ile gundi ya bluu ya kuzuia skrubu isilegee.

Anza na pinioni ndogo kuliko unayoitaka. Mimi nilianza na meno 12, nikaendesha dakika tano, nikapima joto. Mara ya kwanza nilitumia kile kipimajoto cha paji la uso kilichobaki nyumbani tangu enzi za korona, kikaandika "Hi" na kunyamaza, maana kimetengenezwa kwa ajili ya watu wenye homa. Nunua kipimajoto cha mafundi. Ikiwa gamba la mota halijapita nyuzi 70 za Selsiasi, panda jino moja na uendeshe tena; likipita, rudi nyuma, kwa sababu sumaku za mota zikichemka hupoteza nguvu isiyorudi. Pima adhuhuri, wala si jioni. Pinioni ya meno 14 iliyonipa nyuzi 62 saa kumi na mbili jioni ilinipa 74 saa saba mchana wa mwezi Februari, kwa hiyo pikapu yangu inakimbia na meno 13, na ile ya 11 ninayoitumia ufukweni inakaa ndani ya kopo la dawa pamoja na bisibisi yake.