Unafundisha Waturuki Kiingereza? Misemo ya rangi usiianzie kwenye rangi

Sisi Wabongo na Wakenya tulioko Istanbul, Ankara na huko kwingine tunajua kabisa kwamba kazi ya pembeni isiyosumbua sana ni kupiga stori za Kiingereza na Waturuki. Wenyewe wanaita pratik. Mtu sarufi anayo, kaanza kuisoma tangu yuko mdogo, ukimpa maswali ya kuchagua jibu anaweza akakupita hata wewe mwalimu, ila mdomo haufunguki, kwa hiyo anatafuta mtu wa kukaa naye kwenye chai au kwenye Zoom waongee tu. Sasa ukishakaa nao muda kidogo lazima atatokea mmoja na karatasi yake ya misemo ya rangi, kaiprinti mtandaoni, nyekundu ziko upande huu, bluu upande ule, kijani zimebanwa pale chini, na anataka mzipitie zote mpaka mwisho.

Mwambie aikunje airudishe kwenye begi.

Sisemi misemo haina kazi, ina kazi sana, ila kuipanga kwa rangi ndo kunakoiharibu. Chukua nyekundu peke yake. "Red carpet" ni heshima, "in the red" ni madeni, "see red" ni hasira zimepanda, "red-handed" ni mwizi kapatikana na ngozi, alafu "red tape" ni zile njoo kesho njoo keshokutwa za maofisini. Hapo nyekundu inamaanisha nini? Haimaanishi kitu. Mtu akizikariri zote kwa mpigo ataikumbuka rangi, maana itampotea, na wiki ijayo mnaanza upya.

Mimi huwa nauliza swali moja tu: hapo kwa Kituruki ungesemaje? Maana Mturuki siyo kwamba anakuja mikono mitupu, lugha yake imejaa misemo ya rangi, na tena mikali, na kama huijui utashangaa kwa nini anakosea vile anavyokosea.

Kitu cha kwanza kukijua ni kwamba wenzetu wana nyeusi mbili na nyeupe mbili. Nyeusi kuna siyah, iliyotoka Uajemi, na kuna kara, ya kwao wenyewe ya asili. Nyeupe kuna beyaz, iliyotoka kwenye Kiarabu, na kuna ak, ya asili. Koti ni siyah, shati ni beyaz, lakini ukiingia kwenye mambo ya moyo na maisha unakutana sana na zile za asili: kara gün ni siku ya shida, kara haber ni habari ya msiba, kara sevda ni yale mapenzi ya kukukondesha yasiyo na mwisho mzuri, na mtu mwenye heshima zake paji la uso wake ni ak. Kwenye Kiingereza hamna mgawanyo huo, "black" ni moja inabeba zote, kwa hiyo mwanafunzi anachukua kara yake anaibandika "black" anadhani kamaliza.

Nikupe mfano. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja mhasibu, dada mtu mzima kunizidi lakini ananiita hocam maana ndo adabu yao kwa mwalimu, na mimi namwita abla kama vile sisi tunavyosema dada. Tukawa tunaongelea kuweka akiba, akasema kwa kujiamini kabisa "white money is for the black day." Kwa Kituruki ni methali safi, ak akçe kara gün içindir, yaani sarafu nyeupe ni ya siku nyeusi, sawasawa na sisi tunavyosema akiba haiozi. Lakini hebu isikilize na sikio la Mwingereza: pesa nyeupe, siku nyeusi, na anayesema ni mhasibu! Tena Waturuki hao hao pesa chafu wanaiita kara para, na kuitakatisha ni kara para aklamak, kuifanya pesa nyeusi iwe nyeupe. Nilivyomwambia alicheka mpaka chai ikamwagika. Kiingereza chake hapo ni "save for a rainy day", rangi hamna kabisa, kuna mvua tu. Na hicho ndo ninachotaka ukishike: mara nyingi msemo wa rangi wa lugha moja mwenzake kwenye lugha ya pili hana rangi yoyote, na kinyume chake, ndo maana karatasi iliyopangwa kwa rangi inakupoteza.

Kwa huyo huyo mhasibu nikapata kitu kizuri ambacho mpaka leo nakitumia kwa watu wote wa biashara. "In the black" inawasumbua sana, maana kwao kara ni balaa, sasa itakuwaje kampuni ikiwa kwenye nyeusi ndo ina faida? Ukiwaeleza habari ya wino, kwamba zamani hasara iliandikwa kwa wino mwekundu na faida kwa mweusi, wanaitikia kwa kichwa tu na kusahau. Lakini faida kwa Kituruki ni kâr, na kampuni ikianza kupata faida wanasema kâra geçti, imeingia kwenye faida. Kâra na kara! Matamshi hayafanani kabisa, ile yenye kofia k yake ni laini na a inavutwa, na maneno yenyewe hayana undugu wowote, ila kwa kukumbukia hakuna dawa kama hiyo. Kâra geçmek, black. Ukimwambia mara moja imekwisha.

Kuna misemo ambayo usipoteze hata dakika tano za mtu kumfundisha kwa sababu anayo tayari neno kwa neno. Taa ya kijani wanawasha, yeşil ışık yakmak. Orodha nyeusi wanayo, soko jeusi wanalo, zulia jekundu, eneo la kijivu, vyote vipo. Na wale wafanyakazi wa maofisi ya vioo kule Levent na Maslak, Istanbul, wanajiita wenyewe beyaz yakalı, kola nyeupe, na wa viwandani ni mavi yakalı. Mwonyeshe tu kwamba anazijua, afurahi, msonge mbele.

Zile zinazokaribiana bila kufanana ndo za kukaa nazo. Uongo mdogo wa kumfurahisha mtu Mwingereza anauita "white lie", na beyaz yalan Waturuki wanayo, lakini wengi watakwambia pembe yalan, uongo wa pinki. Usipowahi kumrekebisha atasema "pink lie" na atabaki anatazamwa. Pinki kwao ni ya kuona mambo mazuri mazuri tu, mtu anayeyaona maisha tozpembe ni yule ambaye Mwingereza angesema kavaa miwani ya rangi ya waridi, "rose-tinted glasses". "In the pink" yenyewe ni habari ya afya, mtu yuko fiti, na siku hizi husikii sana, kwa hiyo mimi hiyo naiacha.

"Black sheep" nayo inataka uangalifu. Kwanza ukimtajia Mturuki kondoo mweusi anaweza kukuletea somo la historia, kulikuwa na utawala wa Waturkmeni ulioitwa Karakoyunlu, wenye kondoo weusi, na wapinzani wao Akkoyunlu, wenye kondoo weupe, hao wa pili ndo Mehmet Mshindi, sultani wa Waottomani, aliwapiga Otlukbeli mwaka 1473. Hilo zuri, mwache aeleze kwa Kiingereza, si ndo pratik yenyewe. Tatizo linakuja akitafuta neno la kwao akachukua yüz karası, weusi wa uso. Hilo ni tusi zito, ni mtu aliyeiaibisha familia. "Black sheep" inaweza kusemwa hata kwa utani, kaka yako kaacha kazi benki kaenda kupiga gitaa, unasema huyu ndo kondoo wetu mweusi na yeye mwenyewe yupo hapo anacheka. Uzito haulingani kabisa.

Haya, bluu. Najua mnaisubiri, bluu kwa Kituruki ni mavi. Ndiyo. Na kuna kampuni kubwa ya jinzi ya Istanbul inaitwa hivyo hivyo, limeandikwa dukani kwa herufi kubwa, kila ndugu akija kutembea lazima apige picha pale mlangoni atume nyumbani. Tukishamaliza kucheka, turudi kazini: Mturuki haoni huzuni kwenye bluu hata kidogo. Kwake bluu ni ile shanga ya jicho, nazar boncuğu, ya kukinga husda, imetundikwa kwenye gari, mlangoni, kwenye nguo ya mtoto mchanga. Mtu anayewapa watu wote matumaini ya mapenzi wanasema anagawa shanga za bluu, mavi boncuk dağıtmak. Kwa hiyo "I'm feeling blue" anaisikia kama kitu cha ajabu. Mpeleke kwenye kara kara düşünmek, kuwaza nyeusi nyeusi, ile ya kukaa dirishani na mawazo yako. Haifanani moja kwa moja, hiyo ni ya mawazo zaidi kuliko huzuni, ila ni pazuri pa kuanzia, na sisi Waswahili kurudiarudia neno hatuna shida nako.

"Out of the blue" ni ghafla bin vuu, na kwao ni durup dururken, yaani mtu umetulia zako tu mara kitu hicho. Bluu ya hapo ni ya mbingu, radi inapiga wakati anga halina wingu, ukimwambia hivyo anaelewa. "Once in a blue moon" usianze kumchorea mwezi wa bluu. Mwambie kırk yılda bir, mara moja kwa miaka arobaini, ataidaka papo hapo. Alafu kama ni mtu wa kupenda vitu mwambie kwamba mwezi huo mbona unatokea mara nyingi tu kuliko hiyo miaka arobaini, ni ule mwezi mpevu wa pili ndani ya mwezi mmoja wa kalenda na huja kila baada ya miaka miwili mitatu hivi, na siyo wa bluu.

"Green with envy" kwao haina kijani, mwenye wivu anapasuka, kıskançlıktan çatlamak, na shabiki yeyote wa taarabu ataielewa hiyo bila mkalimani. Ila angalia, kijani ikiwa kitenzi, yeşillenmek, mtaani ni kumtongoza mtu, kwa hiyo darasani ukisema fulani kawa wa kijani usishangae kicheko.

"Red tape" naipenda kwa sababu yetu sisi. Uingereza mafaili ya serikali yalifungwa kwa utepe mwekundu, ndo msemo ukatoka hapo. Mturuki urasimu anauita kırtasiyecilik, na kırtasiye ni vifaa vya kuandikia, makaratasi, limetoka kwenye neno la Kiarabu qirtas ambalo ndo hilo hilo limetupa sisi karatasi. Yeyote aliyewahi kufuatilia kibali cha kuishi, kaambiwa kuna fotokopi moja imepungua na foleni ianze tena mwanzo, hahitaji maelezo zaidi. Wewe na mwanafunzi wako mtaongea lugha moja hapo.

Na kuna eneo moja ambalo Mswahili anafundisha vizuri kuliko hata Mwingereza mwenyewe. Mturuki akitaka kuikoleza rangi anaiongezea kichwa mbele: beyaz inakuwa bembeyaz, siyah inakuwa simsiyah, kırmızı inakuwa kıpkırmızı. Sisi tunaiweka nyuma, nyeupe pee, nyeusi tii, nyekundu pyu. Kiingereza hakina kitu hicho, hapo kinakimbilia mifano, na mwanafunzi anabaki na "very very white" yake. Mpe "jet black", mpe "white as a sheet" kwa mtu aliyepatwa na hofu, ambaye Mturuki anamfananisha na chokaa, kireç gibi. Na "red as a beetroot" ni zawadi ya bure, aibu ikimshika mtu Mturuki naye anasema kawa kama pancar, ni hilo hilo bitiruti. Mimi somo la namna hii naweza kukaa nalo saa nzima.

Ukiwa na mwanafunzi wa Istanbul usikose "born in the purple", hata kama hataitumia maishani. Maana yake kuzaliwa kwenye ufalme, na imetoka hapo hapo mjini kwake, enzi Istanbul ikiitwa Constantinople, kulikuwa na chumba cha ikulu cha rangi ya zambarau ambamo watoto wa mfalme walizaliwa, na mfalme Constantine wa 7 aliyefariki mwaka 959 jina lake la pili lilikuwa hilo, Porphyrogennetos. Wengi hawajui kabisa, wanaona Kiingereza ni kitu cha London na New York.

Mwisho muulize anasomea nini. Kama shida yake ni YDS, ule mtihani wa lugha za kigeni wa Uturuki wenye maswali 80 ya kuchagua jibu, hakuna kuongea wala kuandika, basi misemo hii mfanye kwa kupumzikia tu, nguvu aweke kwenye kusoma na msamiati wa kitaaluma. Kama ni IELTS, ule mtihani wa Kiingereza wa kimataifa, kwenye kuongea vigezo vya bendi ya 7 vinataja kabisa msamiati wa misemo, hapo inalipa, ila iwe miwili mitatu inayokaa mahali pake, siyo kuimwaga kama anaisoma mahali. Na kama ni wa ofisini mwambie barua pepe ya bosi isiwe na "once in a blue moon", hizo aziache kwa ajili ya chai.