Bunduki ya Babu na Hewa ya Dar

Siku leseni ilipotoka na jina langu, nilitaka kuisikia bunduki ya marehemu babu ikilia wiki hiyohiyo. Nashukuru nilimpitia kwanza fundi mmoja mzee wa bunduki, mwenye leseni ya kazi hiyo. Aliipokea kwa mikono miwili, akavuta nyuma bolti, kile chuma kinachoifungia risasi ndani, akachungulia chemba, yaani tundu inapokaa risasi, akaniambia: "Mwanangu, hii usiipige kwanza. Tuivue nguo."

Ni Mauser, bunduki ya Kijerumani ya bolti, inayotumia risasi ya 9.3x62. Babu aliinunua miaka ya sitini kwa mlowezi aliyekuwa anafunga virago. Risasi ya aina hii ilibuniwa mwaka 1905 na Otto Bock, mtengeneza bunduki wa Berlin, kwa ajili ya walowezi na wawindaji wa Afrika waliotaka nguvu ya kutosha ndani ya bunduki ya kawaida ya Mauser ya 1898. Ndiyo maana hadi leo utazikuta kwenye familia za huku. Ni chuma kizuri sana, na anayekwambia za zamani zimepitwa na wakati hajawahi kuhisi bolti ile inavyoteleza. Ila uzuri wake haukuondolei kazi ya kuikagua.

Na kabla ya fundi kuna karatasi. Leseni ya marehemu haiwi yako kwa sababu wewe ni mtoto au mjukuu. Bunduki inakabidhiwa polisi, mirathi inafunguliwa mahakamani, kisha anayerithi anaomba leseni yake mwenyewe chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mimi nilianzia kwa mtendaji wa mtaa wetu Tabata na ilinichukua miezi. Usiifiche chini ya kitanda ukisubiri mambo yatulie. Nimeona familia ikiingia matatani kwa hilo, na mzee mwenyewe ameshalala kaburini.

Turudi kwa fundi. Alifungua skrubu mbili za chini akautoa mtutu kwenye mbao. Juu chuma kilikuwa kinang'aa, nami nilikuwa nimekisugua mafuta kwa fahari. Chini, pale ambapo mbao hufunika, kulikuwa na mstari wa kutu mwekundu, mrefu kama kiganja changu. Ni jasho la miaka mingi, na sasa unyevu wa pwani, vilivyoingia kwenye ufa mdogo kati ya chuma na mbao bila mtu kuona. Alikwangua taratibu kwa sufi laini ya chuma na mafuta. Kutu ile haikuwa imekula ndani, nikapumua. Ingekuwa imechimba mashimo, alisema, asingekubali kuirudisha kazini. Kwa hiyo ukinunua au ukirithi bunduki kongwe iliyokaa Dar, Tanga au Mtwara, usiridhike na sehemu inayoonekana. Idai ifunguliwe mbele yako.

Kisha akafanya jambo ambalo sasa namwonyesha kila anayeniuliza. Alichukua pamba kidogo, akaizungusha polepole kwenye mdomo wa mtutu. Upande mmoja nyuzi za pamba zikanasa. Hapo ndipo risasi inapoagana na chuma, na kijino kidogo kiasi hicho kinatosha kuipeleka pembeni. Miaka ya kusafisha kwa fimbo ya chuma kutokea mbele ndiyo iliyouchakaza. Aliusawazisha, na tangu siku hiyo nasafisha kutokea upande wa chemba tu.

Kipimo ambacho huwezi kujifanyia nyumbani ni kile cha nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi. Bolti na chemba zikilika, risasi inakuwa na mchezo ndani, ganda linanyooka wakati wa mlipuko, na siku moja linakatika karibu na kitako. Gesi hiyo inarudi upande wa uso wako. Fundi ana vipande maalumu vya chuma vya kupimia: kimoja bolti lazima ifunge juu yake, kingine lazima ikatae. Yangu ilifunga ilipotakiwa na ikakataa ilipotakiwa. Spring ya pini inayogonga risasi ilikuwa imechoka, tukaweka mpya.

Sasa risasi zenyewe, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Babu aliacha boksi lenye risasi kumi na nne, za miaka hiyo. Nilizikabidhi polisi pamoja na bunduki na sikuzidai tena. Baruti kongwe haitabiriki, na viwashio vingi vya zamani, vile vya kitakoni mwa risasi vinavyowasha baruti, huacha chumvi ndani ya mtutu, chumvi inayovuta maji hewani. Kwa hewa yetu, mtutu uliopigwa hivyo jioni unaweza kuamka na kutu asubuhi. Hatari kubwa zaidi ni majina yanayofanana. Bunduki za Kijerumani za 8x57 ziko za aina mbili: za mwanzo zina mtutu wa risasi yenye kipenyo cha inchi 0.318, na za baadaye, zenye herufi S, ni inchi 0.323. Ukiweka ya S kwenye mtutu wa zamani unalazimisha kitu kikubwa kipite kwenye tundu dogo, na shinikizo linapanda vibaya. Maandishi kwenye chuma yasomwe, na kama yamefutika fundi aupime mtutu wenyewe. Kumbukumbu ya mjomba haitoshi.

Hayo yote nilifanya, na bado nikakosea. Nililenga karatasi Dar, mita mia moja, risasi tatu zikakaa ndani ya upana wa kiganja. Nikafunga safari kwenda Manyoni, mkoani Singida, nikiwa na kibali cha kongoni mmoja. Mwezi wa nane, upepo mkavu unaopasua midomo. Siku ya nne nikapata nafasi nzuri, dume amesimama ubavu, hatua themanini hivi. Nikapiga. Akaruka, akaondoka na wenzake. Mimi na mfuatiliaji tulitafuta damu hadi giza likaingia, tukarudi asubuhi tukatafuta tena. Hakukuwa na tone. Nilifarijika kwamba sikumjeruhi, lakini usiku ule sikulala. Asubuhi nilibandika karatasi kwenye kichuguu. Risasi zilikuwa zinakwenda kushoto na chini, kama shibiri moja kutoka nilipolenga.

Bunduki haikuwa na kosa. Mbao yake ilikuwa imevimba kwa unyevu wa Dar, nami nilirekebisha lengeo ikiwa imevimba. Kule bara ikakauka, ikasinyaa, skrubu zikalegea kwa robo mzunguko, na ubavu wa mbao ukaanza kuusukuma mtutu. Babu aliishi na bunduki yake Singida maisha yake yote, hakuwahi kukutana na shida hii. Ni mimi niliyeihamishia pwani.

Dawa yake ina sehemu tatu. Fundi alimwaga epoksi, gundi inayoganda ngumu, pale chuma kinapokalia mbao, ili kikae juu ya kitu kisichovimba. Akakwangua kidogo njia ya mtutu hadi noti ya shilingi elfu ikapita kati ya mtutu na mbao bila kukwama. Halafu akapaka vanishi ndani ya mbao, kule kusikoonekana, maana wengi hung'arisha nje na kuacha ndani kukinywa maji kama sifongo. Na mimi nikajiwekea sharti: nikifika kambini, kabla ya kitu chochote, nakaza skrubu na kupiga karatasi, pale panaporuhusiwa.

Watu wananisihi nifunge darubini. Nimekataa, na sababu zangu ni za mbao na chuma. Sefti ya Mauser ya zamani, yaani kizuizi cha usalama, husimama wima nyuma ya bolti, inagonga darubini. Ubadilishe sefti, pengine upinde na mkono wa bolti, kisha utoboe matundu juu ya chuma, na chuma hakirudi tena kama kilivyokuwa. Kwa miombo, ambako mara nyingi huoni mbali zaidi ya mita mia, lengeo la kawaida linanitosha. Nilichofanya ni kupaka nukta ya rangi nyeupe kwenye lengeo la mbele, maana macho yangu si ya ujana. Kama macho yako hayakuruhusu kabisa, funga, ila tafuta vishikizo vinavyotumia matundu yaliyopo.

Kitako kilikuwa kifupi kwangu. Jipime hivi: hakikisha chemba na magazini ni tupu, fumba macho, ipandishe begani kama kawaida, fumbua. Lengeo la mbele likiwa limekaa katikati ya la nyuma bila wewe kusogeza shingo, umefika. Nililazimika kuongeza mpira wa sentimita mbili, na bega likanishukuru pia.

Nyumbani inakaa kwenye kabati la chuma lililofungiwa ukutani, risasi kwenye kufuli jingine. Ala ya ngozi ya babu naitunza kando, tupu, kwa sababu ngozi hunywa unyevu na kuubandika kwenye chuma. Ndani ya kabati kuna vifuko vya silika jeli vya kufyonza unyevu. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi navikausha, nafuta chuma kwa kitambaa chenye mafuta, na naweka kidole kwenye kila skrubu.

Mwaka uliofuata nilirudi Manyoni. Karatasi ya kambini ilionyesha tofauti ya vidole viwili tu na ile ya Dar.