Rangi haigeuzi mlango kuwa wa kuzuia moto

SWALI: Ofisi yetu ipo ghorofa ya tatu, jengo la miaka ya 1970, Posta, Dar es Salaam. Tumeagizwa tuweke mlango wa kuzuia moto penye ngazi. Fundi anasema mlango uliopo ni wa mninga, akiupiga bati na kuupaka rangi ya kuzuia moto utatosha. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, na laiti ningelipwa kwa kila kopo la rangi hiyo nililowahi kuonyeshwa.

Mninga ni mti mgumu na huungua polepole. Lakini utazame mlango wenu vizuri: fremu yake nene, sawa, ila zile paneli za katikati ni nyembamba, na moto hupitia hapo kwanza. Rangi zinazovimba kwa joto zipo, hata za milango ya mbao, ila kila moja imepimwa kwa mlango wa aina na unene fulani, kwa idadi maalumu ya mikono ya rangi. Fundi wako anayo karatasi ya vipimo hivyo? Na bati analotaka kupigilia litauongezea mlango uzito, bawaba zilegee, mlango ulale, upenyo wa juu upanuke.

Hapo kwenye upenyo ndipo watu wasipopaangalia. Moshi haungoji mbao ziungue. Pembeni na juu nafasi iwe kama milimita 3. Banisha kadi nne za benki pamoja, unene wake ndio huo. Kwenye nafasi hiyo huwekwa utepe unaovimba moto ukifika, na mwingine wa kuzuia moshi. Mlango wa kuhimili moto dakika 30 au 60 hupimwa ukiwa na fremu yake, bawaba, kitasa, kioo na mkono unaoufanya ujifunge wenyewe. Ukibadilisha kimoja kiholela, zile dakika huna tena. London, baada ya moto wa Grenfell Tower mwaka 2017 ulioua watu 72, mlango mmoja wa jengo hilo ulipopimwa ulihimili takribani dakika 15 badala ya 30.

Kwa hiyo nunueni mlango kamili wenye cheti, ufungwe na mtu anayeijua kazi hiyo. Majengo ya umri wa lenu mengi yana ngazi moja tu, na ngazi iliyo wazi ni dohani: moshi wa chini unawafikia wa juu kabla hawajajua kuna nini.

Tena mkishaufunga, msiutegee tofali. Niliwahi kukagua jengo lililonunua milango mizuri kila ghorofa. Ghorofa mbili milango ilikuwa imeachwa wazi, imeegemezwa mitungi ya kuzimia moto. Ya nne ilikuwa na mnyororo na kufuli kwa sababu ya wezi, na ufunguo, waliniambia, mlinzi ameenda nao nyumbani Mbagala.