Maswali ya Wasomaji: Je, Dallas Ilikosea Kumtoa Luka Dončić, au Ilikosea Namna ya Kumtoa?

Barua zilizotufikia safari hii zinarudi, kila moja kwa njia yake, kwenye mabadilishano ya wachezaji yaliyotangazwa usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2025 katika NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani. Kwa msomaji asiyeyafuatilia, Dallas Mavericks ilimtoa Luka Dončić, aliyekuwa na umri wa miaka 25, pamoja na Maxi Kleber na Markieff Morris, ikapokea kutoka Los Angeles Lakers Anthony Davis, aliyekuwa na miaka 31, kijana Max Christie na chaguo moja la drafti la raundi ya kwanza la mwaka 2029, yaani haki ya kuchagua mchezaji chipukizi anayeingia ligi, ambapo kwa kawaida timu dhaifu hutangulia kuchagua. Utah Jazz iliingia kama timu ya tatu na kupata vitu vidogo. Upande wa Dallas msimamizi alikuwa meneja mkuu Nico Harrison, na upande wa Lakers alikuwa Rob Pelinka.

SWALI: Ndugu mhariri, ninaona Harrison anaonewa. Kama aliamini kwamba Dončić hautunzi mwili wake na kwamba haifai kumpa mkataba mkubwa kuliko yote, alikuwa na haki ya kumtoa. Na angetangaza sokoni kwamba nyota wake anauzwa, habari zingevuja, mchezaji angekasirika, mashabiki wangejaa barabarani, na bei ingeshuka. Siri si ndiyo iliyomsaidia?

JIBU: Nakubaliana nawe katika nusu ya kwanza ya hoja yako, na nadhani wengi wanaomshambulia Harrison wanairuka nusu hiyo kwa pupa. Dončić alikuwa nje tangu tarehe 25 Desemba 2024 kwa jeraha la kigimbi, na majira ya joto yaliyofuata angestahili kupewa na Dallas mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya takriban dola milioni 345. Meneja mkuu asiyejiuliza maswali magumu kabla ya kuidhinisha fedha za namna hiyo hafanyi kazi yake. Hata mimi, ambaye namhesabu Dončić miongoni mwa wafungaji bora kabisa niliowahi kuwatazama, sisemi kwamba hakuna bei ambayo angeweza kuachwa aondoke.

Lakini bei ndiyo kiini cha jambo lenyewe, na hapo ndipo siri ilipogeuka hasara. Siri inamlinda muuzaji dhidi ya uvumi, lakini siri ya kuzungumza na mnunuzi mmoja tu inamlinda mnunuzi dhidi ya washindani wake. Mwenye shamba lenye rutuba akimnong'oneza jirani mmoja kwamba analiuza, bila jirani wa pili kujua, hawezi kushangaa akipewa bei anayoitaka jirani huyo. Harrison angeweza kupiga simu kwa mameneja wawili au watatu anaowaamini bila kulitangazia jiji zima, kwa sababu mazungumzo ya faragha ya aina hiyo ni sehemu ya kawaida ya kazi yao.

Tazama wengine walipata nini. Mwaka 2019 Oklahoma City Thunder, chini ya meneja wake Sam Presti, ilimtoa Paul George kwenda Los Angeles Clippers baada ya George mwenyewe kuomba kuondoka, yaani katika hali ambayo muuzaji huhesabiwa kuwa dhaifu. Hata hivyo Presti alijua kwamba Clippers isingempata nyota mwingine, Kawhi Leonard, bila George, akalibana hitaji hilo mpaka akapata Shai Gilgeous-Alexander, Danilo Gallinari, machaguo matano ya raundi ya kwanza na haki ya kubadilishana machaguo mengine mawili. Mojawapo ya machaguo hayo lilimleta Jalen Williams mwaka 2022, na mwaka 2025 timu hiyo ikatwaa ubingwa. Utah ilimtoa Rudy Gobert mwaka 2022 ikapata wachezaji watano na machaguo manne ya raundi ya kwanza. Mikal Bridges, ambaye hajawahi kuchaguliwa katika mechi ya nyota wote, aliipatia Brooklyn machaguo matano ya raundi ya kwanza mwaka 2024.

Dončić, aliyekuwa ameteuliwa katika kikosi bora cha kwanza cha ligi kwa misimu mitano mfululizo, aliyeongoza ligi kwa wastani wa pointi 33.9 msimu wa 2023-24 na kuifikisha Dallas fainali mwaka huo huo, alileta chaguo moja. Na si kwamba Lakers haikuwa na lingine. Kanuni za ligi haziruhusu timu kujiacha bila chaguo la raundi ya kwanza kwa miaka miwili ijayo inayofuatana, wala kutoa chaguo la zaidi ya miaka saba mbele. Kwa kuwa chaguo lao la 2027 lilikuwa limekwisha kwenda Utah, Lakers ilikuwa na machaguo mawili ya kutoa, la 2029 na la 2031. La 2031 lilibaki Los Angeles. Mchezaji wao Austin Reaves naye alibaki. Kwa hiyo swali langu kwa Harrison silo kwa nini alimtoa Dončić. Ni kwa nini Pelinka aliruhusiwa kuinuka mezani akiwa na hivyo viwili mkononi.

SWALI: Mheshimiwa mhariri, tunamhukumu mtu kwa bahati mbaya. Davis aliumia katika mechi yake ya kwanza, mwenzake Kyrie Irving akachanika kano ya goti, timu ikaporomoka. Kisha bahati ikageuka na Dallas ikampata chipukizi Cooper Flagg katika drafti. Je, Flagg hamwokoi Harrison, kama majeraha yalivyomwangusha?

JIBU: Hapana, na hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu naliona likirudiwa mno. Ukitaka kuupima ustadi wa meneja mkuu, ondoa kwanza bahati za pande zote mbili, kisha tazama kilichobaki.

Tuanze na majeraha. Davis alicheza mechi yake ya kwanza dhidi ya Houston tarehe 8 Februari, akafunga pointi 26 na kudaka ribaundi 16 kabla ya kutoka akiwa ameumia msuli wa paja. Usiku ule ulikuwa bahati mbaya, sikatai, lakini mwili wa Davis ulikuwa na historia ndefu ya majeraha inayojulikana na kila mtu katika ligi, na meneja aliyemtoa kijana kwa hofu ya uimara wa mwili wake hakupaswa kumchukua mchezaji anayemzidi miaka sita na mwenye hofu ile ile. Jeraha la Irving la tarehe 3 Machi halikuweza kutabiriwa. Ila Irving alikuwa na miaka 32 na mwenzao Klay Thompson alikuwa amefikisha 35. Mpango mzima ulisimama juu ya miguu ya wachezaji waliokwisha kuvuka kilele au kukikaribia ukingo wake, na mpango wa aina hiyo unahitaji kila mtu awe mzima kwa wakati mmoja.

Sasa Flagg. Dallas ilimaliza msimu ikiwa na ushindi 39 na vipigo 43, ikaifunga Sacramento katika mechi ya kwanza ya kuwania nafasi ya mtoano, kisha ikafungwa na Memphis. Kwa kufungwa huko iliingia katika bahati nasibu ya drafti, ile inayoamua timu zilizokosa mtoano zitachagua kwa mpangilio gani, ikiwa na uwezekano wa asilimia 1.8 tu wa kupata nafasi ya kwanza, na ikaipata. Fikiri vizuri maana yake: kama kazi ya Harrison ingefaulu kama alivyokusudia, yaani kama Dallas ingeifunga Memphis, Flagg asingekuja kamwe. Haiwezekani kumsifu mtu kwa tunda ambalo lingepotea iwapo jitihada zake zingezaa alichokitafuta.

Wako wanaomlinganisha Harrison na Masai Ujiri, aliyekuwa kiongozi wa timu ya Toronto, aliyemtoa DeMar DeRozan kutoka Toronto mwaka 2018, mchezaji aliyependwa sana na aliyekuwa mwaminifu kwa jiji lile, akamchukua Kawhi Leonard, aliyekuwa amecheza mechi tisa tu msimu uliotangulia na ambaye angeweza kuondoka baada ya mwaka mmoja. Toronto ikatwaa ubingwa mwaka 2019, na Leonard akaondoka kweli. Ujasiri unafanana, lakini mwelekeo ni kinyume kabisa. Ujiri alitoa mchezaji mzuri akachukua aliye bora zaidi, huku akiwabakiza vijana kama Pascal Siakam, Fred VanVleet na OG Anunoby, kiasi kwamba hata mambo yangeharibika angekuwa na pa kuanzia. Harrison alitoa aliye bora na kijana, akachukua aliyemzidi umri.

SWALI: Je, Harrison hakuwa na ustadi wowote?

JIBU: Alikuwa nao, na si haki kuufuta. Alimchukua Irving kutoka Brooklyn mwezi Februari 2023 wakati timu nyingine zilimwogopa. Katika drafti ya mwaka huo alimpata Dereck Lively katika nafasi ya 12, na Februari 2024 aliwaleta Daniel Gafford na P.J. Washington, na timu ile ndiyo iliyofika fainali na kufungwa na Boston kwa mechi nne kwa moja. Upande wa pili, Jalen Brunson aliondoka mwaka 2022 kwenda New York bila Dallas kupata chochote.

Harrison alitoka Nike mwaka 2021, na nguvu yake kubwa ilikuwa mahusiano na watu. Pelinka alikuwa wakala wa Kobe Bryant, na Harrison alifanya kazi na Bryant upande wa Nike. Walifahamiana kwa miaka mingi kabla ya kuketi pamoja. Naamini kufahamiana huko kuliyafanya mazungumzo yawe mepesi kuliko ilivyofaa kwa muuzaji.

SWALI: Mmiliki aliidhinisha. Kwa nini lawama zimwelemee aliyeajiriwa?

JIBU: Zimwelemee wote wawili. Patrick Dumont, ambaye familia yake ilinunua hisa nyingi za klabu kutoka kwa Mark Cuban mwishoni mwa 2023, alikuwa na uwezo wa kusema subiri. Hakusema. Mashabiki waliotaka Harrison afukuzwe walisikika ukumbini mwezi baada ya mwezi, na tarehe 9 Aprili Dončić aliporudi Dallas na jezi ya Lakers, alilia benchini wakati video ya kumbukumbu zake ikionyeshwa, kisha akafunga pointi 45. Harrison alifukuzwa tarehe 11 Novemba 2025, timu ikiwa na ushindi mara tatu na vipigo vinane. Mmiliki yule yule ndiye aliyemfukuza, na yeye hana wa kumfukuza.

SWALI: Atakayekalia kiti hicho aanzie wapi?

JIBU: Aanze kwa kuzihesabu drafti zijazo. Chaguo la Dallas la 2027 lilitolewa kwa Charlotte, kwa masharti, ili kumpata Washington, na la 2029 lilikwenda Brooklyn kwa ajili ya Irving. Maana yake ni kwamba timu ikifanya vibaya katika miaka hiyo haitafaidika na ubaya wake kama timu nyingine zinavyofaidika, na kujenga upya kuzunguka kijana kama Flagg kutakuwa kugumu kuliko inavyodhaniwa. Ndiyo sababu chaguo la Lakers la 2029, ambalo usiku ule lilionekana kama malipo hafifu, sasa ni la thamani kubwa kwa Dallas: linaziba mwaka ambao wao wenyewe hawana kitu. Meneja mpya asilitumie kuongezea mchezaji wa miaka 33 kwa ajili ya msimu mmoja, na akiamua kumtoa yeyote mwenye thamani, azipigie simu timu zaidi ya moja kabla ya kukubali bei.