Mavedeti wa zamani: ukweli ni upi?

Swali: Yaya, mi napenda sana kusoma maisha ya mavedeti wa sinema za zamani, nani aliolewa na nani, nani aliachwa, bwana yangu anasema eti ni songi-songi tu. Na kila buku linasema yake! Nitajuaje ya kweli?
Msomaji wa Kadutu, Bukavu

Jibu: Dada, bwana mwache kwanza, naye habari za mpira anasoma za nini? Shida ni kwamba studio za Hollywood zilikuwa na watu wa kuficha aibu na kuyapa magazeti habari tamu. Loretta Young alizaa na Clark Gable 1935, Gable ana bibi yake, basi mtoto akafichwa, halafu mama akatangaza eti amemchukua wa kulea, mtoto wake mwenyewe jamani! Ingrid Bergman yeye hakufichika, alipata mimba ya Roberto Rossellini akiwa bado mke wa mtu, 1950 seneta akamsema vibaya mbele ya Seneti nzima ya Marekani, na 1957 Hollywood ile ile ikampa Oscar.

Kwa hiyo magazeti ya enzi ile usiyameze hivi hivi, tafuta mabuku yenye barua, kontra na karatasi za tribinali. Vedeti akijiandika mwenyewe anajitetea, lakini utamu upo: Katharine Hepburn aliandika buku juu ya jinsi walivyochezea filme The African Queen huku kwetu Kongo 1951, maji yakawaumiza matumbo, ila Bogart, vedeti mwenzake, na Huston, mwongozaji wa filme, hawakuugua, eti sababu ya wiski. Anza na buku hilo.