Barua kwa Mwanangu: Mkanda Mkate

Mwanangu Mwanaidi,

Marahaba, mama. Sisi huku Tanga hatujambo, baba yako anakusalimu, na ule mwembe wa uani umeanza kuzaa tena.

Umeniuliza jambo moja tu. Hapo shuleni Leicester, Uingereza, unapopakua chakula, watoto na walimu wanakuita "dinner lady", yaani bibi wa chakula, na mwenzako wa jikoni amekwambia jina hilo ni la dharau, ulikatae. Akaongeza kuwa "lady" si neno la maana yoyote, ni mke wa "lad", yaani kijana wa kiume. Unataka nikwambie ukubali au ukatae.

Nianze na hilo la "lad", maana limeniudhi. Mtu akitaka kujua neno limetoka wapi, haligawi kwa jinsi linavyoonekana leo. Anatafuta kwanza maandishi ya kale kabisa yenye neno hilo, aone liliandikwaje. Kisha anatazama kama sauti zilizobadilika ndani yake zimebadilika vivyo hivyo katika maneno mengine. Kisha anauliza ndugu wa lugha hiyo wana nini. Mwenzako ameruka yote matatu. "Lad" halionekani katika maandishi ya Kiingereza mpaka karibu mwaka 1300. "Lady" lilikuwa limeshaandikwa karne nyingi kabla ya hapo, na liliandikwa "hlæfdige". Mtoto hawezi kumzaa bibi yake.

Sasa litazame hilo "hlæfdige" polepole. Sehemu ya kwanza ni "hlaf", na "hlaf" ni mkate. Ndilo neno walilolitumia Waingereza wa kale katika Sala ya Bwana, pale ambapo Wakatoliki wetu wanasema "mkate wetu wa kila siku" na Biblia ya Union ikasema "riziki yetu". Leo limebaki "loaf", mkate mmoja mzima. Sehemu ya pili, "dige", haipatikani ikisimama peke yake, lakini ndugu zake wapo: "dah", ambalo leo ni "dough", donge la unga uliokandwa; na "dæge", mtumishi wa kike mkandaji, ambaye baadaye alipewa kazi ya maziwa, na chumba chake kikaitwa "dairy". Kwa hiyo "hlæfdige" ni mkanda mkate, mwanamke anayekanda mkate. Mumewe alikuwa "hlafweard", mlinzi wa mkate, likafupika kuwa "hlaford", na leo ni "lord". Na aliyekuwa chini yao, aliyelishwa nao, aliitwa "hlafæta", mla mkate. Huyo yumo katika sheria za mfalme Æthelberht wa Kent, za mwanzoni mwa karne ya 7: anayemuua mla mkate wa mtu huru wa kawaida alipe shilingi 6. Nyumba nzima ilipangwa kwa mkate, mwanangu. Mmoja anaulinda, mmoja anaukanda, mwingine anaula.

Utauliza mkate umepotelea wapi ndani ya "lady". Umemezwa. Ile "h" ya mwanzo ilikuwa pumzi tu mbele ya "l", ikadondoka. "F" katikati ya neno ilitamkwa "v", ndiyo maana katika maandishi ya baadaye utakuta "levedi" na "lavedi". Kisha "v" ikalegea, silabi mbili zikagongana zikawa moja, ikabaki "ladi". Na haikuwa bahati ya neno hilo peke yake: "heafod" likawa "head", "hafoc" likawa "hawk", "hæfde" likawa "had", na "hlaford" lenyewe likawa "lord". Kanuni ni moja. Neno likitamkwa kila siku, na kila mtu, ulimi unalifupisha, kama sisi tulivyoimeza "u" ya "muntu" tukabaki na "mtu".

Kuna jambo jingine hapa ambalo kila nikilifundisha moyo wangu unafurahi, na sijawahi kukwambia. Mzizi huo wa kukanda ni wa kale kuliko Kiingereza, na haukuwa wa unga peke yake, ulikuwa pia wa kufinyanga udongo. Katika lugha ya kale ya Uajemi, "daeza" ni ukuta, ukuta wa udongo uliofinyangwa, na "pairi" ni kuzunguka. Bustani iliyozungushiwa ukuta ikaitwa "pairidaeza". Wagiriki wakalichukua wakasema "paradeisos", na Waarabu wana "firdaus". Nasi tunayo Pepo ya Firdausi. Kwa hiyo unapoomba dua ukaitaja Firdausi, umetaja mzizi uleule uliomo ndani ya jina wanalokuitia hapo jikoni. Kuna watu wanasoma miaka na hawaoni raha kama hiyo.

Lakini asili ya neno si maana yake. Umenisikia nikisema hivyo tangu ukiwa darasa la nne, na ndugu zako walikuwa wakinitangulia kuimalizia sentensi. Neno ni la wanaolitumia leo. Hakuna Mwingereza hata mmoja anayesikia mkate akisema "lady". Kwa hiyo ukienda kumwambia mwalimu mkuu kwamba wewe ni mkanda mkate wa karne ya 7, utakuwa humjibu.

Basi tazama lilivyosafiri. Mkanda mkate hakuwa mpishi wa kuajiriwa. Alikuwa mwenye nyumba. Katika sheria za mfalme Cnut, za karne ya 11, mume akileta mali ya wizi nyumbani, mke hana hatia isipokuwa mali hiyo ikutwe mahali ambapo funguo ni zake: ghala lake, sanduku lake na kabati lake. Funguo tatu. Nyumba ambayo chakula cha msimu mzima kimefungiwa ghalani, mwenye ufunguo ndiye mtawala wa maisha ya watu. Ndiyo maana jina la mkandaji likapanda mpaka likawa la mtawala kweli. Wasaksoni wa Magharibi, watu wa ufalme mmoja wa kusini mwa Uingereza, walikataa mke wa mfalme wao aitwe malkia, kwa sababu malkia mmoja wa zamani, Eadburh, alisemwa kuwa alimuua mumewe kwa sumu; jina lililobaki ni hili la "hlæfdige". Huko katika ufalme wa Mercia, katikati ya Uingereza, Æthelflæd, binti wa mfalme Alfred, mumewe alipofariki mwaka 911 alitawala mwenyewe, akajenga ngome mji baada ya mji, akaitwa "Myrcna hlæfdige", Bibi wa watu wa Mercia. Mwaka 917 aliutwaa mji wa Derby kwa vita. Mwanzoni mwa mwaka 918, mji mmoja mkubwa ulijisalimisha kwake bila vita, na mji huo ni Leicester, hapo ulipo. Alifariki mwezi wa Juni mwaka uleule, huko Tamworth. Sanamu yake iko kwenye ua wa Guildhall, mjini hapohapo. Nenda siku ya mapumziko ukamwone.

Baada ya hapo neno likapelekwa juu zaidi, akaitwa hivyo Bikira Maria. Ndiyo maana tarehe 25 Machi inaitwa "Lady Day", na yule mdudu mwekundu mwenye madoa meusi ni "ladybird". Watu wanashangaa kwa nini si "Lady's Day". Ni kwa sababu jina hilo lilikuwa la jamii isiyochukua "s" ya umiliki. Lilisemwa "hlæfdigan", na ule mwisho ulipodondoka hakikubaki kitu. Wanafunzi wangu, wakidhani ni kosa, walilirekebisha mwaka baada ya mwaka, na kila mwaka nikalirudisha lilivyokuwa.

Kisha likawa cheo cha wake za makabaila na mabinti wao, likashuka taratibu kwa mwanamke yeyote mwenye adabu na fedha, halafu kwa kila mwanamke kwenye hotuba, halafu likabandikwa kwenye mlango wa choo. Na hapo ndipo mwenzako ana hoja, nami simnyimi. Neno la heshima likitolewa kwa wote linapungua uzito. Anayesema "lady doctor" anasema kwa kificho kwamba daktari wa kweli ni mwanamume. Huko Marekani, ukimwita mwanamke usiyemjua "lady" barabarani, umemkaripia. Na dada zake wengine waliangukia pabaya zaidi: "huswif", mke mwenye nyumba, ndilo lililozaa "housewife", na likazaa pia "hussy", tusi la mwanamke mhuni. Nyumba ileile, neno lilelile.

Kwetu pia. Bibi Titi Mohamed aliitwa Bibi alipoanza kuongoza wanawake wa TANU mwaka 1955, na alikuwa hajatimiza miaka 30. Hawakumaanisha mzee, walimaanisha mama mwenye heshima yake. Leo ukimwita binti wa miaka 29 "bibi" kwenye daladala, atakugeuzia uso. Lakini bado tunasema bibi harusi, na bado mshereheshaji anafungua shughuli kwa "mabibi na mabwana".

Nimeshaandika "mshereheshaji", basi acha niseme, maana halijanitoka. Harusi ya dada yako, wewe ulikuwa umekwenda kusindikiza mapambo. Bibi yako aliamka saa nane usiku akande maandazi ya wageni. Kilo 10 za unga, tui la nazi 12, iliki aliyoitwanga mwenyewe. Unajua alivyokuwa: tui liwe vuguvugu, akiligusa kwa ndani ya kifundo cha mkono, kwa sababu likiwa la moto hamira inakufa na andazi linakuwa jiwe. Alikanda kwa visigino vya viganja mpaka unga ukaacha kushika beseni, akafunika kwa kanga, akakaa pembeni kuulinda usifure ukapitiliza, maana ukipitiliza unachacha na andazi linanywa mafuta. Jioni mshereheshaji alishukuru wote. Alishukuru wa muziki, wa mapambo, wa viti, mpaka aliyetuazima jenereta. Akasema "mabibi na mabwana" mara nyingi mno. Waliokuwa uani kwenye moto hawakutajwa, na bibi yako alikuwa anasikia kila neno, kipaza sauti kilikuwa juu ya ukuta wetu. Nikainuka niende kumwambia. Bibi yako akanishika gauni, akauliza, "Wamekula wakashiba?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi kaa." Nikakaa. Mpaka leo najilaumu kwa kukaa.

Unaona nilivyojikwaa. Nimekwambia asili si maana, halafu nimekuandikia kurasa za asili. Nimejiuliza kwa nini. Sidhani kama nataka neno lirudi lilikotoka, haliwezi kurudi. Nadhani ninachokataa ni hoja ya mwenzako kwamba neno limechafuka kwa sababu limeingia jikoni. Halikuingia jikoni, lilizaliwa jikoni. Tangu sheria ya mwaka 1906 ilipoziruhusu halmashauri za Uingereza kuwapa watoto wa shule chakula, watu wakatafuta namna ya kumwita mwanamke anayekigawa, na wakalichukua, bila kujua, lile neno la aliyewakandia wazee wao mkate. Hilo halikulazimishi kulipenda. Asili si maana, narudia. Lakini nalo ni jambo la kweli, na mtu asikunyang'anye kwa kutojua.

Ukubali au ukatae? Ulimi unaniwasha, na wewe unanijua. Nikisema kubali, nitakuwa nakujibia kwa ajili ya bibi yako na ile harusi. Nikisema kataa, nitakuwa nimemkubalia mtu aliyeleta habari ya "lad". Siko hapo, sisikii sauti, na neno hili siku hizi maana yake yote iko kwenye sauti.

Basi nitazamie haya, uniandikie. Mkataba wako umeandika nini, maana cheo cha kwenye karatasi ndicho kinachohesabiwa siku ya kupandishwa mshahara, na "dinner lady" sidhani kama limo. Wanaume wanaofanya kazi hiyohiyo nao wanaitwaje. Mwalimu mkuu akikutambulisha kwa mgeni, anataja jina lako kwanza au kazi yako. Na yule mtoto wa darasa la kwanza uliyeniambia anarudi mara ya pili kuomba viazi, yeye anakuitaje anapokuwa na sahani mkononi.

Kanga mbili nimempa mtoto wa jirani anayekuja huko mwezi ujao, na iliki robo kilo, imefungwa vizuri.

Mama yako