Jambia la babu lenye mawimbi: usilisugue kwanza

Ndugu yangu, umesema jambia ulilorithi lina ubapa wa mawimbi na madoa meupe, na unataka kulisugua ling'ae. Tafadhali, weka msasa kando! Hayo madoa yaelekea ni pamor, nakshi inayotokana na tabaka za chuma zilizofuliwa pamoja, nyingine zikiwa na nikeli. Ukiyafuta, umefuta ushahidi wenyewe.

Kwa maelezo yako hilo ni keris, jambia la jadi la Asia ya Kusini-Mashariki, huenda la kisiwa cha Java, Indonesia. Hesabu mawimbi: kwa desturi huwa witiri. Tazama shina la ubapa kama kuna ganja, kipande kipana ambacho kwa kawaida hufuliwa peke yake. Piga picha pande zote, pima urefu, andika kila alichosimulia babu. Mpini na ala hubadilishwa, kwa hiyo visikuhadae kuhusu umri.

Vaa glavu, na watoto wasiliguse. Sababu ni kwamba huko Java keris husafishwa kwa maji ya ndimu na aseniki, ambayo ni sumu.

Umri muulize mtaalamu. Makumbusho ya keris yapo Surakarta, mji wa Java. Kabla ya kusafiri nalo, uliza sheria za silaha na za mali kale.